Kidole cha Chini

Chumba cha pili, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 418.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, umekula, na huna haraka ya kuwahi zamu, maana si barua ya kusomwa umesimama mlangoni na koti mkononi. Hujambo lakini? Kile kikohozi unachokificha kwenye simu kimepungua? Usidhani sikisikii, huwa unakimeza katikati ya neno. Na miguu je, bado inavimba kwa kusimama kutwa kwenye hilo ghala la baridi? Yule mwenzako wa chumbani anayekoroma mmeelewana, au bado mnarushiana mito? Nijibu yote, moja baada ya jingine. Usiniandikie "mimi mzima" halafu ukaruka.

Sisi huku tunasukuma siku. Mgongo wangu ni uleule, cherehani nayo imebadilishwa mkanda na sasa inalia kama inasengenya mtu. Nashona mashati ya shule tangu mwezi uliopita, kola mia mbili na kumi, hata nikifumba macho naona kola. Binti yangu amekua, anavaa viatu vyangu bila kuomba na kuvirudisha bila kupiga rangi. Kaka yetu bado anatengeneza majokofu ya watu, la kwake limekufa mwaka wa pili huu na wifi anahifadhia vitabu humo. Paa lilikuwa linavuja juu ya kabati. Tukahamisha kabati. Sasa linavuja pale lilipohamia.

Umeona nimezunguka nyumba nzima bila kumtaja mama. Mlinibandika jina la Mkasi kwa kuwa sina simile, nikiwa na neno nalisema, na leo nimekaa na kalamu hii tangu chai ya asubuhi ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena.

Mama yu hai. Naanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa unapumua. Yu hai, anakula, anagombana na kila mtu. Lakini mama amekatwa kidole, mdogo wangu. Kile cha shahada, cha mkono wa kushoto, chote mpaka kwenye shina. Wiki ya nne hii.

Najua unauliza kwa nini hukuambiwa. Nani angekuambia? Simu ni moja, mama anaiweka kwenye spika na kuishika yeye, na ujumbe ukiingia binti yangu anamsomea bibi yake mpaka matangazo. Alituapisha sote pale wodini, hata kaka, kwamba Kifungo asijue, yuko mbali, atashindwa kula. Leo asubuhi ulipopiga ukasikia akikucheka kwamba unaongea kama mtu mwenye pua ya kukopa, mkono wake wa kushoto ulikuwa mapajani umefungwa bandeji. Alipokata simu akaniangalia kwa jicho lile unalolijua. Lakini kuna jambo limetokea Alhamisi, na kiapo changu nimekivunja, mama anisamehe.

Acha nianzie mwanzo, maana hata wewe umo.

Unakumbuka barua yako ya kwanza kutoka huko? Uliandika kurasa tatu za habari za ghala, za msimamizi wenu, za bei ya viazi, na katikati ukaweka mstari mmoja: "Baridi ya huku haina adabu." Basi. Sisi wengine tulicheka tukaendelea kusoma. Mama hakuendelea. Aliniomba nirudie ule mstari, kisha akainuka, akafungua sanduku lake na kuanza kutoa vitambaa. Gauni lako la kumaliza shule. Shati la marehemu baba lenye mistari. Pazia la ile nyumba ya zamani. Vipande vya mashati yangu vilivyobaki. Akasema anakushonea mfarishi, blanketi la viraka lenye pamba katikati, kama lile tulilolalia wote wawili utotoni tukivutana pembe.

Nikamwambia tuupitishe kwenye cherehani, siku mbili umekwisha. Unajua alichonijibu? Kwamba mfarishi wa cherehani ni gunia lenye maua. Kwa hiyo akashona kwa mkono, mwaka mzima na ushei, kidogo kidogo, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Sasa wewe hukuwahi kupenda sindano, kwa hiyo nikueleze ili uelewe kilichotupata. Mkono wa kulia uko juu ya kitambaa na ndio unaosukuma sindano. Kidole chake cha kati kinavaa kastabini, kile kikofia cha chuma chenye vishimo, na hicho hakidhuriki. Mkono wa kushoto uko chini, gizani, huuoni. Kazi yake ni kungoja. Sindano ikipenya kitambaa, pamba na shuka la chini, ncha yake inakigusa kidole, na kidole ndicho kinachosema basi, geuza, rudi juu. Ndivyo mishono inavyokuwa midogo na sawa. Kidole hicho hakivai kitu, maana kikivaa hakisikii. Kwa hiyo kila mshono ni mchomo. Ukishona mia, umechomwa mia, kidogo tu, kama kuumwa na siafu mwenye haraka.

Mwanzoni mama alikuwa akichomwa anasema "sss". Tulizoea, ilikuwa sauti ya nyumba. Damu ikidondoka kwenye kitambaa alikuwa anaitoa kwa mate yake mwenyewe, anasema damu ya mtu hutoka kwa mate ya mtu huyohuyo, na kweli ilikuwa inatoka. Baada ya miezi kadhaa kidole kikaota sugu. Alikuwa anaringa nayo. Alimgongea wifi mezani, ko, ko, akamwambia huyu ndiye mwanangu wa nne.

Halafu ile "sss" ikaisha.

Hapa ndipo pananiuma, Kifungo. Ile sauti iliisha, na sisi tukamsifu. Nilisimama pale na sufuria mkononi nikasema, eti mama sasa ni fundi kweli kweli, hachomwi tena. Kaka akasema sugu imekomaa. Wewe mwenyewe nilikuhadithia kwenye simu ukacheka ukasema mama atengenezewe cheti. Mama naye akafurahi, maana nani asiyependa kusifiwa na wanawe? Na alikuwa anachomwa. Alikuwa anachomwa kuliko zamani, kwa sababu kidole hakikumwambia tena ageuze. Ilikuwa sukari, ile sukari yake ya siku zote tuliyoizoea kama tulivyozoea paa kuvuja, imemla mishipa ya vidole. Mkono umekufa ganzi, nasi tunapiga makofi.

Matone ya damu niliyaona. Sikufichi. Mimi ni mtu wa nguo, tone la damu kwenye kitambaa cheupe naliona nikiwa nje ya mlango. Upande wa chini wa mfarishi yalikuwa yametapakaa, mengine ya jana, mengine ya juzi. Nilichofanya ni kumpelekea kile kitambaa mdomoni nikamwambia kwa utani, mama, tema hapa, unamharibia Kifungo mali yake. Akatema. Tukasugua tukicheka. Ningeuliza swali moja tu siku ile, mama imekuuma, pengine barua hii ingekuwa ya kola na viatu.

Kidole kikaanza kubadilika rangi. Akakifunga kitambaa, akasema kimebanwa na mlango. Akakificha siku tisa. Nilikijua kwa harufu, nikiwa namsuka nywele. Sitakueleza zaidi.

Hospitali daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kalamu ndefu. Alimwambia mama afumbe macho, kisha akawa anamgusa vidole kwa ncha ya kiwaya laini, kimoja kimoja, akiuliza, "Bibi, unasikia hapa?" Mama akajibu ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Na hapa? Ndiyo, mwanangu, nasikia vizuri sana. Daktari alikuwa ameshaweka kile kiwaya mfukoni muda mrefu. Aliniangalia mimi, mama bado amefumba macho, bado anaitikia ndiyo, ndiyo. Nimefiwa na baba, nimeachwa na mume, lakini sijawahi kutaka kulia kama pale kwenye kile kiti cha plastiki.

Kisha akatueleza kwamba vidudu vilivyoingia ni sugu, dawa haziviwezi. Mama aliposikia lile neno sugu akaangaza uso, akadhani daktari anakisifia kidole. Akamwonyesha. Hakuna aliyemsahihisha.

Kikakatwa. Alitoka chumba cha upasuaji akauliza vitu viwili: kama nimezima jiko, na kama mfarishi umekunjwa vizuri.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilikuwa mjinga. Wiki ya pili tu, bandeji bado nene, akaomba nimletee lile duara la mbao analotandia kitambaa, na sindano. Zimebaki safu mbili, mdogo wangu, mbili tu katika kumi na moja, na kichwa cha mama unakijua. Akasema vidole vimebaki vinne, kazi ya chini inahitaji kimoja. Nikabisha mpaka sauti ikanikauka. Akaninunia siku mbili, akaacha kula, mpaka nikamletea.

Basi nikajaribu kila kitu cha kumkinga kile cha kati cha kushoto, kilichorithi kazi ya chini. Nilikata ngozi ya ulimi wa kiatu cha kaka nikamshonea kikofia, nikakipima vizuri kabisa. Alikivaa nusu saa, akakivua, akasema anashona amevaa soksi. Nikamzungushia plasta, akaibandua. Binti yangu akamletea rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, tukampaka tabaka tatu mpaka kidole kikawa kigumu mbele. Akacheka kwamba anapelekwa kwenye harusi, kisha akaikwangua kwa kisu. Kuna mama mmoja sokoni, mshona magodoro, alinielekeza nimpe kijiko akishike chini, sindano igonge kijiko irudi yenyewe. Hicho nilikitegemea. Mama alishona mishono sita akakiweka mezani. "Kijiko hakinijui," akasema. Nikamjibu kwa hasira kwamba hata vidole vyake havimjui tena. Nilijuta kabla sijamaliza sentensi. Aliinamisha kichwa akaendelea kutunga uzi kwenye sindano, na hakutunga, alikosea tundu mara nne.

Siku iliyofuata nilikaa naye nikapitisha mkono wangu mimi chini ya kitambaa. Yeye anasukuma juu, mimi nangoja chini, ikinigusa nasema "hapo". Hapo. Hapo. Hapo. Tulishona hivyo siku nne. Nikwambie ukweli, zilikuwa siku nzuri. Alinihadithia mambo ya ujana wake ambayo siwezi kuyaandika humu, wewe bado mdogo. Vidole vyangu vilichakaa, kola za shule zikalala, na fundi mkuu akanitumia mtu kuniuliza kama nimeacha kazi. Alhamisi ikabidi niende. Nikaficha sindano juu ya kabati.

Nilirudi alasiri nikabisha hodi, maana ufunguo nilimwachia yeye. Nikamsikia anainuka kuja kunifungulia, na kitu kinamfuata kikiburuza sakafuni. Alifungua mlango. Mfarishi wote ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wake wa kushoto. Alikuwa amepanda kiti akaipata sindano, akakaa, akashona bandeji yake kwenye shuka la chini. Si bandeji peke yake, Kifungo. Uzi ulikuwa umepita kwenye ngozi ya kidole cha kati, mishono mitatu, midogo, iliyonyooka, mizuri. Na hakuwa amejua. Alijua pale mlangoni, kwa kuniona mimi nilivyotazama.

Mama alicheka. Akasema, eti amejishona ndani aje huko kwako bure bila tiketi. Nilimkatia ule uzi, nikamwosha, nikampeleka kwa yule daktari. Safari hii daktari hakuwa mpole. Alisema kile cha pili kikiingia vidudu kama cha kwanza, tusimletee tena mazungumzo ya kidole, tutazungumzia mkono.

Ndiyo maana nakuandikia. Nimefikiri njia zote, imebaki moja, na siipendi.

Mwandikie mama kwamba huutaki mfarishi.

Soma tena hapo, usikasirike kwanza. Ukimwambia aache kwa sababu ya mkono wake atajua nimesema, na hataacha, atajificha. Ukimwambia amalizie baadaye, hataacha. Ukimwambia baridi imepungua atasema itarudi. Lazima umwambie huutaki. Mwambie umenunua blanketi la dukani, zito, la kisasa, na kwamba vitu vya viraka huko watu wanavicheka. Andika vibaya kidogo, kama mtoto aliyeota mapembe. Usitie "samahani" wala "mama yangu kipenzi" katikati, atashika hapohapo. Na usipige simu, maana kwenye simu sauti yako haijui kudanganya. Andika. Mimi ndiye nitakayemsomea, na kusoma kwa uso mkavu ninaweza.

Najua ninachokuomba. Mwaka na miezi mitatu amekaa pale dirishani na jina lako mdomoni. Atavunjika. Hatasema, ataukunja ule mfarishi vizuri, ataurudisha sandukuni, kisha atakaa. Sijui atakaa akifanya nini. Najua tu kwamba atakuwa amekaa na mikono miwili.

Utajiuliza kwa nini nisiiandike mwenyewe kwa jina lako, mwandiko wako naujua, nilikushika mkono ulipojifunza herufi. Niliianza juzi. Nilifika nusu ukurasa, maneno mazuri tu ya kuumiza, nikaichana. Pale hospitali walileta karatasi ya ruhusa ya kukata, wakataka saini ya mtoto wa mgonjwa. Kaka alitoka nje kumwitikia mtu asiyemwita. Nikatia mimi. Kila asubuhi ninapomfungia mama vifungo vya gauni naiona ile saini yangu mkononi mwake. Hii ya pili siwezi, mdogo wangu. Hii tia wewe.

Kaka anakusalimu, wifi pia, na binti yangu anamwuliza mama mdogo lini atamletea zile soksi zenye masikio. Mshona magodoro naye anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie mwenzako wa chumbani, mwambie alale ubavu. Mungu akulinde kazini, akutunze kifua hicho, na atupe sote nguvu ya kumwona tena mama akiwa mzima.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mkasi.

N.B. Barua yako ikifika, baada ya kumsomea nitaichoma. Siku ukija, usimweleze kwamba ulidanganya. Akiutoa ule mfarishi akakuonyesha, upokee tu, hata kama haujakwisha.